Siku Niliyoondoka na Shela la Bibi Harusi Sikioni

Kuna video fulani iliyozunguka kwenye simu za watu wa mtaa wetu wa Umoja mpaka ikafika kwa jamaa zangu kule Machakos, na kama umeiona basi tayari unanijua, mimi ndiye yule mwanamume wa suti ya kijivu aliyesimama mbele ya madhabahu na wigi likimning'inia sikioni. Nimejaribu kukana. Kuna mteja mmoja dukani nilimwambia huyo ni mtu tunafanana tu, akanitazama juu mpaka chini (mimi ni mtu mwenye ualbino, na Kariobangi yote watu wa rangi yangu unaweza kutuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kwa hivyo uongo huo haukufika popote). Sasa nimechoka, heri niwaeleze mwenyewe, kwa sababu kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake na kuna wanaosema eti nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa chini, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Jina langu ni Musyoka. Kazi yangu ni kupima misumari na kuandika risiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kariobangi, na nyumbani ni Umoja, mimi na mke wangu Mueni. Mambo yenyewe yalianza na kidonda kwenye ukingo wa juu wa sikio langu la kushoto, kidonda kidogo, kama punje ya dengu, kikiwa na gamba gumu juu. Kila nikivua shati kinakwama kwenye kola, kinatoa tone la damu, kinakauka, mimi natangaza kwamba kimepona, halafu baada ya wiki mbili tatu kimerudi, na kila kikirudi kinachukua nafasi kubwa zaidi kuliko ile kiliyoiacha. Nilikaa na mchezo huo miezi minne. Mueni akaniambia, "Musyoka, hicho si kipele. Kipele hakiendi likizo kikarudi."

Na wala si kwamba sikujua. Sisi jua linatuchoma tangu tukiwa mgongoni mwa mama, na tangu utotoni nimeambiwa niende kliniki ya ngozi kila baada ya miezi sita nikaguliwe mwili wote. Nilikuwa nimeruka mara mbili. Nilimwambia Mueni ni kazi nyingi, hesabu ya mali dukani, mvua, sijui nini, lakini ukweli ni kwamba mara ya mwisho walinipulizia ile dawa baridi kali kwenye paji la uso, kuunguza mahali palipokuwa panakwaruza kama msasa, nikabaki na alama ya duara wiki kadhaa na wateja wakiniuliza ni nani amenipiga. Mimi ni mtu ninayependa kupendeza, ndiyo shida yangu kubwa. (Mueni anasema si kubwa peke yake, kuna nyingine, lakini leo tuongee hiyo.)

Sasa ikaja harusi ya Kanini. Kanini ni mtoto wa dada yangu Ndinda, na baba yake alifariki akiwa darasa la tatu, kwa hivyo mimi mjomba ndiye niliyekwenda mikutano ya wazazi, mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa Umoja (nikikimbia nyuma bila kuona vizuri yuko wapi), na mimi ndiye ningemshika mkono kumpeleka kwa mume wake. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mueni, bila kuniuliza, alikuwa amenipangia kliniki Jumanne ya wiki hiyo hiyo.

Nikakaa nikafikiria. Nikienda Jumanne watanikata, na nikikatwa, Jumamosi nitaingia kanisani na bandeji kichwani kama mtu aliyeponea ajali, na picha hizo zitatundikwa ukutani kwa watoto wangu na kwa wajukuu wa Ndinda mpaka dunia iishe. Nikamwambia Mueni, "Tupishe harusi kwanza. Nitaenda wiki ijayo." Ni hilo tu. Hakuna kitu kingine nilichofanya. Kila kilichotokea baadaye kilitoka kwenye hayo maneno machache niliyoyasema nikinywa chai.

Ijumaa nikajaribu suti, shati likapita kichwani, gamba likang'oka lote. Damu ilipokatika nikaenda kwa duka la dawa nikanunua plasta, nayo plasta ikawa ya kahawia, ukiiweka kwenye sikio langu unaiona hata ukiwa kule mtaa wa Donholm. Nikaitoa. Nikachukua poda ya Mueni nikaipaka kando kando, lakini Mueni ni mweusi wa kupendeza, mweusi wa kung'aa, na nilipomaliza nilikuwa na sikio moja langu na lingine la kuazima. Mueni alicheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akaacha kucheka akasema, "Lakini bado ni kidonda," nikajifanya sikusikia.

Jumamosi asubuhi nikapita kwa Wangari. Wangari ana saluni hapo karibu na nyumba, ndiye aliyekuwa akiwatengeneza wasimamizi wa harusi, na ni mtu anayeamini kwamba hakuna kitu kwenye uso wa binadamu kisichofunikika. Alinikalisha katikati ya wasichana wanane wenye rangi ya kucha isiyokauka, akachanganya rangi za chupa tatu kwenye mgongo wa mkono wake mpaka akapata rangi yangu kabisa, jambo ambalo hakuna mtu amewahi kuliweza, nikakaribia kulia. Lakini rangi ikawa haishiki kwenye kidonda kibichi. Wangari akafikiri kidogo, akakata kipande chembamba cha pamba, akakipaka rangi, akakibandika juu ya kidonda kwa gundi ya kope za bandia.

"Itashika?" nikamuuliza.

"Mzee, na hii gundi bibi harusi analia siku nzima na kope haziendi mahali."

"Na jasho?"

"Jasho ni maji tu."

Nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo (macho yangu huona vitu vya karibu tu) na nikaona sikio la mtoto mchanga. Kwa furaha hiyo nikaacha hata kofia yangu ya ukingo mpana pale saluni, kofia nisiyoiacha hata nikitoka kununua maziwa, kwa sababu ingegusa pamba. Yaani nilikuwa nimeficha kidonda cha jua halafu nikatoka juani bila kofia ili nisiiharibu ile pamba. Mimi mwenyewe nikilisema leo nasikia vibaya.

Kanisa si mbali, kwa hivyo tulikwenda kwa miguu, na wale mnaojua harusi zetu mnajua hiyo miguu huwa inakwenda vipi, hatua mbili mbele, moja nyuma, akina mama wanaimba, upande wa bwana harusi wanajibu (wao ni Wakikuyu, sisi Wakamba, kwa hivyo ilikuwa kama mashindano), kila kona tunasimama tucheze kidogo. Tulikaa juani karibu saa nzima. Jasho likaanza kunitiririka kutoka kichwani, likapita sikioni, na hapo nikaanza kuhisi kitu kinateleza na kuvutika kama kamasi. Gundi ilikuwa imelainika. Sikuigusa. Nilijiambia ikifika ndani kwenye kivuli itakauka tena, na kwa kweli ilikauka, lakini iliamua yenyewe itakaukia wapi.

Tukaingia. Kanini alikuwa upande wangu wa kushoto, amefunikwa shela mpaka kiunoni, na kwa vile viatu vyake vya kisigino kirefu tulikuwa kimo kimoja. Katikati ya njia akaninong'oneza, "Mjomba, mbona unanuka saluni?" Nikamwambia, "Tembea." Mbele mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu, na kwa kuwa nilikuwa nimepangiwa kusema maneno mafupi ya baraka, walikuwa wamenibandika kipaza sauti kidogo kwenye koti. Nikasema ni mimi mjomba wake, kwa niaba ya baba yake, na kwa niaba ya mama yake Ndinda aliyekuwa amekaa nyuma yangu. Nikamkumbatia, shavu kwa shavu, upande wa kushoto, juu ya lile shela, na nikakaa hapo kwa muda mrefu kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka watu waone. Gundi ilihitaji muda kama huo hasa.

Nilipotaka kurudi nyuma nikahisi nimevutwa sikio. Nikadhani ni yeye amenishika, kwamba hataki niondoke, nikamwambia kwa upole, "Niachilie, mama." Kipaza sauti kikayapeleka maneno hayo mpaka viti vya nyuma.

Kanini akajibu kwa sauti ndogo, "Mjomba, ni wewe umenishika."

Mtu mwenye akili hapo angesimama wima, aite Wangari, aombe maji ya uvuguvugu. Mimi nilivuta. Nilivuta kichwa kama mbuzi anayekataa kuingizwa ndani, na shela likaja, na kwa kuwa shela lilikuwa limebanwa kwenye wigi kwa pini zisizohesabika, wigi nalo likaja, na pamba ikang'oka upande mmoja na kila kilichokuwa chini yake, upande wa pili ukibaki umeshika sikio. Kanini akabaki na ile kofia ya neti ya chini ya wigi, juu ya matuta ya nywele zake. Mimi nikabaki na shela na wigi vikining'inia begani kutoka sikioni, na damu, kwa sababu sikio likianza kutoa damu halina kiasi, ikashuka shingoni na matone mawili makubwa yakaangukia bega la gauni jeupe.

Mama mmoja kiti cha mbele akasema polepole, "Damu ya Yesu."

Na mimi, kipaza sauti kikiwa wazi, nikamjibu, "Hapana mama, ni yangu."

Hapo ndipo watu walipocheka, na hapo ndipo simu zilipoinuliwa, na mimi ningecheka nao kama nisingemwona Kanini. Alitazama bega lake, kisha akanitazama. Alikuwa analia. Siku aliyoingojea tangu akiwa mtoto, na mtu aliyemharibia ni yule aliyepaswa kumlinda. Nikakaa kwenye ngazi ya madhabahu. (Nikakaa. Nawaomba mlikumbuke hilo.)

Aliyeinuka wa kwanza ni mama wa bwana harusi. Sisi tulikuwa tukimwita Mama Kamau, na mpaka siku hiyo tulikuwa tumesalimiana kwa heshima ya wakwe, kwa umbali, yeye akinipa mkono mmoja na mimi nikiinamisha kichwa, kwa sababu mkwe si mtu wa kuzoeana naye ovyo. Mama huyu akavua leso yake ya mabegani, akaibana kwenye sikio langu, akanishika kichwa kwapani kama anayebeba tikiti maji, akanipeleka kwenye chumba cha mchungaji. Mueni akatufuata. Nikajua hapo kwamba sina tena heshima ya kupoteza upande wa wakwe.

Sikujua kwamba Mama Kamau alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na miaka yake mingi ilikuwa ya kliniki ya ngozi. Alinikalisha dirishani, akaomba maji safi, akalibandua shela na wigi vikarudishwa kwa Wangari, akakisafisha kidonda taratibu, kisha akakiinamia akikitazama kwa karibu.

"Kina muda gani?"

"Wiki chache," nikasema.

"Miezi minne," akasema Mueni.

"Kinapona halafu kinarudi?"

"Mara moja moja."

"Kila wakati," akasema Mueni.

"Kinauma?"

"Hata hakiumi," nikasema, nikifurahi kwamba angalau hapo nina jibu zuri.

"Sikuuliza ili ufurahi," Mama Kamau akasema. Akanipapasa chini ya taya na kando ya shingo kwa vidole, polepole, akitafuta uvimbe. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu. "Mkwe, sitakudanganya. Sijui ni nini mpaka kipimwe. Lakini nimeviona vya namna hii vikija vikiwa hivi, vikakatwa, mtu akaenda nyumbani kwake akala chakula cha jioni. Na nimewaona waliokuja na kitambaa wamefunika mwaka mzima." Hakusema hao walikwenda wapi. "Jumatatu kabla ya saa mbili nitakuwa mlangoni kwako."

Huko nje kwaya ilikuwa imeimba nyimbo tatu, na Wangari alikuwa amerudisha wigi na shela mahali pake na kubandika maua ya hariri juu ya yale matone (kusema kweli gauni lilipendeza zaidi). Kabla ibada haijaendelea Kanini akaja chumbani. Nikaanza kuomba msamaha, nikasema nimemharibia siku, gauni, picha, kila kitu. Akapiga magoti karibu na kiti changu na gauni lote.

"Nguo inafuliwa, Mjomba," akasema. "Wewe sina wa pili."

Nilirudi kanisani na bandeji iliyozunguka kichwa chote, kwa sababu Mama Kamau hana mchezo, bandeji kubwa mara tatu kuliko ile ambayo ningekuwa nayo kama ningekwenda Jumanne. Iko kwenye kila picha. Hata ile ya kukata keki, ambayo nilijificha nyuma ya shangazi zangu, inaonekana ikichungulia.

Jumatatu nikafikishwa kliniki nikiwa katikati ya wanawake wawili kama mshukiwa. Daktari, dada mmoja kijana mwenye sauti ya chini, akanivua nguo akabakisha moja, na Mama Kamau alipokuwa nje ya pazia nilimsikia akisema, "Daktari, usisahau kisogo na nyuma ya masikio." Daktari alinikagua kwa kioo chenye taa, kutoka kwenye ngozi ya kichwa mpaka nyayo, midomo, shingo, mgongo wa mikono, akapata mahali pawili penye magamba akapapulizia ile baridi niliyokuwa nikiikimbia. Halafu akamgeukia Mueni akamwambia avue viatu na yeye, kwamba watu weusi nao wasijisahau, waangalie nyayo, viganja, na chini ya kucha, doa jeusi linalokua au kubadilika si la kukaa nalo. Mueni, aliyekuja kunisindikiza tu, akavua soksi kwa aibu. Alikuwa salama. Nilifurahi kidogo kwamba angalau si mimi peke yangu niliyekaguliwa, na hilo naomba msimwambie.

Wiki hiyo hiyo wakanikata. Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma, mengine sikuyahisi, lakini ukikatwa sikio unasikia kila kitu, ule mkasi ulikuwa kama unakata kadibodi ndani ya kichwa changu. Walitoa kipande cha umbo la kabari pamoja na ngozi kidogo isiyo na ugonjwa kando yake, wakashona, wakakipeleka maabara. Kisha tukangoja majibu zaidi ya wiki mbili, na hapo mzaha wote uliniisha. Dukani nilimpimia mtu misumari ya mabati akiwa ameomba ya mbao. Nilimtazama Mueni akipika na nikawa nahesabu vitu ambavyo hajui vimewekwa wapi.

Majibu yakaja kwamba ilikuwa saratani ya ngozi. Daktari alilisema neno hilo wazi, bila kulizunguka, kisha kabla sijaanguka ndani yake akaendelea, kwamba imetoka yote, kingo za kipande kile ni safi, na shingoni hakuna kitu. "Umekuja wakati ambao kisu kinatosha," akasema. "Ungekaa nayo mwaka, tungekuwa tukiongea kuhusu sikio zima, na mionzi, na pengine mengine." Mueni alinishika mkono chini ya meza na hakuuachilia mpaka tulipofika barabarani.

Sasa sikio la kushoto ni fupi kuliko la kulia na miwani yangu imekaa upande. Vijana wa Umoja wamenibatiza Mjomba Shela, nikipita nasikia "Niaje Shela" na naitika. Kliniki naenda kila miezi mitatu. Jumapili ya kwanza ya mwezi, tukitoka kanisani, nakaa dirishani bila shati na Mueni ananipitia mgongo akipiga picha kwa simu, analinganisha na za mwezi uliopita, na mimi sisogei. Nimeapa, na nimeapa mbele ya wakwe, kwamba chochote kitakachoota kwenye ngozi yangu kikakaa mwezi mmoja bila kupona, nitakionyesha daktari kabla sijakionyesha kioo.

Juzi aliingia dukani fundi mmoja wa mawe, mtu wa rangi yangu, ambaye sikuwa nimemwona kabla. Alitaka saruji. Kwenye mdomo wake wa chini kulikuwa na ukoko, na nikauliza ni wa tangu lini. Akasema ni baridi tu, mdomo umepasuka, tangu mwaka mpya. Nikamwambia kuhusu kliniki. Akatazama chini akasema ana jengo la kumaliza, na isitoshe anaona aibu, kuvuliwa nguo na kuangaliwa hivyo.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mambo ya aibu niulize mimi."

Nikamsimulia yote palepale, foleni ikisikiliza, na nilipofika pale pa "Hapana mama, ni yangu" jamaa akacheka kwa kifua chote, mpaka ule ukoko ukapasuka. Akaweka kidole mdomoni, akakitoa, akakitazama. Mimi pia nikakitazama. Hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Nikafunga kitabu cha risiti, nikamwambia bosi wangu natoka kidogo, tukaondoka pamoja kwa miguu kuelekea kliniki, tukifuata upande wa barabara wenye kivuli.